Mwizi wa Hamira

Clive Sugden alikuwa na hakika kwamba kati ya watu watatu waliokuwa wakija bandani kwake kila Jumamosi alasiri, mmoja alikuwa mwizi. Bado hakuwa amemjua ni yupi. Kwa hiyo aliwashuku wote sawasawa, na katika hilo walau hakuwa na upendeleo.

Kilichokuwa kikiwindwa, kwa mawazo yake, kilikaa ndani ya chupa ya jemu kwenye friji kuukuu mwisho wa banda. Kilikuwa hamira, uji mzito wenye rangi ya chai ya maziwa. Asiyejua angedhani ni mchuzi uliosahauliwa tangu Krismasi. Hamira hiyo ilitoka kwenye kiwanda cha bia kilichokuwa pale chini karibu na mfereji, ambako baba yake Clive alifanya kazi mpaka kilipofungwa na kugeuzwa nyumba za watu wa Leeds wenye mbwa wadogo. Siku ya mwisho baba alirudi nyumbani na kopo lake la chakula limejaa hamira. Tangu hapo haikufa. Kila Clive alipopika bia alichota povu la juu, akaliweka kwenye chupa, na likakaa kwenye baridi kungoja mpiko unaofuata.

Resipi yenyewe hakuificha. Aliigawa kwa kila aliyeomba, imechapwa vizuri kwenye karatasi: kimea kiasi hiki, maua ya hopsi kiasi hiki, chemsha hivi, poza hivi. Nusu ya mtaa walikuwa nayo. Lakini penye hamira aliandika tu "hamira yoyote ya Kiingereza", na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake. Watu waliifuata resipi neno kwa neno, wakapata bia chungu ya kahawia inayofanana na ya Clive, wakaionja, wakakuta si ile. Basi wakarudi bandani kwake kunywa ile. Alikuwa mkarimu wa namna hiyo, wa kukupa kila kitu isipokuwa kile unachokihitaji.

Lakini usimhukumu haraka. Mkewe Maureen alikuwa amefariki mwaka juzi, mtoto mmoja yuko Canada na mwingine Bristol, na Clive hakuwa mtu wa maneno matamu. Alijijua. Bila ile bia, nani angekuja kukaa na mzee anayelalamikia magoti na serikali kwa pumzi moja? Hamira ikitoka nje ya banda, kila mtu angepika ya kwake, na Jumamosi Clive angebaki anatazamana na pipa. Hilo ndilo lililomtisha, na lilimtisha kweli.

Dalili za wizi alikuwa nazo tele. Chukua Trevor Ackroyd, aliyekaa naye dawati moja shuleni na baadaye akaendesha mabasi mpaka kustaafu. Trevor alikuwa ameanza kutoka nje na glasi yake imejaa, eti anapunga hewa, halafu anarudi glasi tupu na midomo mikavu. Trevor huyo maisha yake yote hakuwahi kuhitaji hewa. Clive aliamini anaimimina kwenye chupa iliyofichwa ndani ya koti, apeleke kwa mtu wa kuichunguza.

Halafu Graham Pogson, aliyekuwa na bucha pale kona. Zamani Graham alikuwa akimaliza glasi kabla hujakaa. Sasa alikunywa kama kuku, tone kwa tone, macho yamemtoka, na kila akimeza alikaa kimya kidogo kama anayesikiliza kitu tumboni. Mtu hanywi hivyo ila akiwa anaichambua.

Na Frances Lumb. Huyu ndiye aliyemtia Clive wasiwasi zaidi, maana alikuwa na maswali. Alikuwa na saluni Halifax, akaiuza, akahamia nyumba ya jirani mwaka mmoja kabla Maureen hajafa. Wanawake hao wawili walishibana upesi. Sasa Frances aliuliza mambo. Clive, chupa ya hamira huwa unaiosha vipi? Clive, hivi friji hii bado ina baridi? Aliuliza kwa sauti nyepesi, kama anayeuliza habari za watoto.

Zaidi ya yote, walikuwa wakimsifu. Clive akirudi kutoka jikoni na sahani ya pai za nyama, mazungumzo yanakatika, kisha wote watatu wanaanza kuzungumzia mvua waliyokwisha kuizungumzia.

"Safi sana leo, Clive," anasema Graham.

"Safi kabisa," anadakia Trevor. "Umejipita mwenyewe, bwana."

Sasa, katika bonde lile la Yorkshire watu hawasifiani hivyo. Miaka arobaini Trevor alikunywa bia ya Clive, na sifa kubwa aliyowahi kuitoa ilikuwa "inanyweka". Aliisema mara moja, siku ya harusi ya Clive. Mtu wa Yorkshire akianza kukuambia umejipita mwenyewe, shika mfuko wako. Clive alishika wake. Akanunua kufuli kubwa la mlango wa banda, na ufunguo akauficha chini ya chungu cha maua kando ya mlango, mahali ambapo kila mtu mtaani pale huficha ufunguo wake.

Jumatano moja asubuhi Trevor alimpigia simu.

"Twende Skipton kesho. Kuna mashine ya kukatia nyasi nataka kuitazama."

"Wewe una nyasi?"

"Si ndiyo maana. Zimefika dirishani."

"Miaka yote hiyo hujanipeleka hata posta, Trevor."

"Basi nimebadilika. Nitakupitia asubuhi baada ya chai."

Clive aliweka simu chini akatabasamu bila furaha. Walitaka atoke nyumbani. Vizuri, angetoka.

Kesho yake alipanda gari la Trevor, amevaa koti na kofia kama mtu anayesafiri kweli. Walipofika kanisani akajipapasa mifukoni.

"Nirudishe. Nimesahau miwani."

Trevor alimtazama. "Miwani umeivaa."

"Hii ni ya mbali. Nataka ya karibu."

"Utaitazama mashine ya nyasi kwa karibu kiasi gani, Clive?"

"Kwa karibu ninavyotaka. Geuza gari."

Trevor hakugeuza. Alipunguza mwendo, akakuna shingo, kisha akaichukua simu yake.

"Unampigia nani?"

"Dada yangu."

"Dada yako naye yuko Canada. Huko bado usiku, kalala."

"Ndiyo namwamsha."

Walifika kwenye taa nyekundu. Clive akafungua mlango, akashuka, akaanza kuupanda mlima kuelekea kwake. Magoti yalimlilia, lakini hasira ilimsukuma. Nyuma yake alimsikia Trevor akipiga honi na kumwita jina lake lote, kama mwalimu.

Alipita uchochoro wa nyuma bila kutazama magari yaliyoegeshwa, akaingia bustanini kimya kimya. Chungu cha maua kilikuwa kimesogezwa. Kufuli lilining'inia wazi. Moyo ulimdunda kwa woga na, tuseme ukweli, kwa raha pia, maana mtu aliyeshuku kwa muda mrefu hutamani sana aonekane hakukosea. Akausukuma mlango.

Frances alikuwa amesimama mbele ya friji iliyo wazi, kila mkono na chupa ya jemu.

"Weka chini," alisema Clive.

Frances aliruka kidogo, lakini chupa hazikumtoka. "Clive. Si ulikuwa uende Skipton?"

"Na wewe ulikuwa uende wapi na hamira yangu?"

"Nilikuwa napanga friji."

"Friji yenyewe ina kitu kimoja."

Uso wa Frances uliiva mpaka masikioni.

"Nawakaribisha humu," Clive alisema. "Mnaninywea, mnanisifia, kumbe mnanizunguka. Trevor kazi yake kunitoa, wewe kazi yako kuingia. Na Graham? Yeye kapewa kazi gani?"

"Yuko uchochoroni ndani ya gari lake. Alikuwa apige honi akikuona." Frances alisita. "Hakupiga?"

"Hakupiga."

"Basi kalala."

Hata Clive alijua kwamba hilo lilikuwa kweli. Alinyoosha mkono. "Nipe yangu."

"Ipi? Hii ya kushoto ni yako. Hii nyingine ndiyo niliyoleta."

"Umeleta?"

"Nilikuwa nabadilisha. Ya kwako niitoe, hii niiweke, nifunge friji, na wewe usijue chochote mpaka unakufa." Alizishusha chupa zote mbili juu ya meza, polepole. "Ndiyo ulikuwa mpango. Sikusema ulikuwa mpango mzuri."

Clive alizitazama chupa. Kwa mtazamo wa haraka zilifanana. Akili yake, iliyokwisha kuzoea njia moja, ikakimbilia huko huko. "Unataka kuniwekea takataka zako ili bia yangu iharibike. Halafu ya kwako ndiyo iwe bora mtaani."

Frances aliigeuza ndoo moja akaikalia. Alionekana amechoka ghafla. "Clive, kaa."

"Sikai."

"Basi simama hivyo hivyo. Bia yako imeharibika. Ina karibu miaka miwili imeharibika."

Clive alicheka kicheko kifupi cha dharau. "Jumamosi tu umesema ni safi."

"Nimesema."

"Mmesema wote."

"Tumesema wote. Tungesemaje? Ulikuwa umetoka kumzika mkeo. Ukatukaribisha humu, ukatujazia glasi. Nikaionja. Ina harufu ya plasta ya kidonda, bwana. Nikamtazama Trevor, Trevor akamtazama Graham, Graham akasema safi sana. Basi ikawa hivyo. Ukishasema safi mara ya kwanza, mara ya pili utasema nini? Kila wiki inazidi kuwa mbaya na kila wiki sisi tunazidi kuisifu. Trevor anaimwaga kwenye bomba la maji machafu pale nje. Graham hamwagi, anasema ni dharau. Anameza."

"Uongo," alisema Clive, lakini hakulisema kwa nguvu.

Frances alitoa chupa ya kahawia kwenye mkoba wake, akaifungua, akamimina kwenye glasi kwa uangalifu, akiacha mashapo chini. "Hii nimepika mimi. Kwa resipi yako ile ile uliyonipa. Na kwa hamira yako."

"Yangu umeipata wapi?"

"Sherehe ya mwisho ya kuzaliwa kwa Maureen. Ulijaza chupa ukatupa tunywe. Yangu nikaondoka nayo mkobani, imebaki mashapo, na hamira hukaa humo. Nikayatunza, nikayalisha, yakafufuka. Ilinikera, Clive. Karatasi nzuri vile, na bia yangu inatoka kama maji ya kuoshea vyombo." Alimtazama machoni. "Niliiba. Hapo umenipata."

Kwa kitambo kidogo Clive alifurahi. Alikuwa amesema kuna mwizi, na mwizi huyu hapa, kakiri kwa kinywa chake. Kisha akachukua glasi, akanywa.

Alijua kabla hajameza. Ilikuwa na ladha ya ganda la mkate uliobanikwa, na nyuma yake utamu mdogo wa maganda ya chungwa, halafu ule uchungu mkavu unaokamata ulimi mwishoni na kukufanya utake nyingine. Ilikuwa bia ya baba yake. Ilikuwa bia aliyomnywesha Maureen siku ya kwanza alipomleta nyumbani, Maureen akamaliza glasi kabla ya wanaume. Clive alikuwa ameikosa ladha hii muda mrefu, na kibaya zaidi ni kwamba hakuwa amejua kuwa ameikosa.

Alikwenda kwenye pipa lake akajimiminia. Safari hii, kinywa kikiwa kimekumbushwa, aliisikia: siki, na dawa ya hospitali, na kitu kingine kama mpira ulioungua. Mtu anayekunywa bia yake kila siku hubadilika nayo kidogo kidogo, kama anayekaa na mbwa anayenuka. Akaitema kwenye ndoo.

"Nimeiua," alisema. "Baba kaitunza, mimi nimeiua."

"Imeingiliwa na uchafu, haijafa. Chupa huwa unaiosha vipi? Nimekuuliza mara ngapi, hunijibu."

"Kwa maji ya bomba. Kama siku zote."

"Maureen alikuwa anachemsha," alisema kwa upole. "Chupa, mfuniko, ndoo zote, hata ule mwiko. Nilimkuta jikoni siku moja kazungukwa na mvuke. Akaniambia, 'Clive anadhani vinajisafisha vyenyewe.' Akacheka mpaka akashika meza."

Miaka yote ya ndoa Clive alikuwa akipeleka vyombo jikoni vimeganda povu, na asubuhi akivikuta vimepangwa vinang'aa. Hakuwahi kujiuliza. Aliamini bia ile ni kazi ya baba yake na yake mwenyewe, na jina la Maureen hakuwahi kulitaja hata mara moja alipoisimulia kwa wageni. Alivuta kiti, akakaa, akalia mbele ya mwizi wake bila kuficha uso. Ilimuuma kwamba alikuwa hajamshukuru, na sasa hakuna wa kumwambia.

Frances alimwacha alie. Baadaye akampa kitambaa cha kufutia glasi, maana hakukuwa na kingine.

"Basi hamtakuja tena," Clive alisema alipoweza.

"Nani kasema?"

"Mlikuwa mnafuata bia."

"Clive," alisema Frances. "Bia ipi?"

Clive hakuamini. Maneno ni rahisi, na ameshasikia maneno ya watu hawa kwa miaka miwili.

Siku iliyofuata alilimwaga pipa lote, na bomba la maji machafu likatoa harufu mpaka kwa jirani. Akachemsha kila kitu ndani ya banda, hata vitu visivyohusika. Akapika upya kwa hamira ya Frances. Bia hiyo ilianza kuchachuka ndani ya ndoo yake, lakini ingehitaji wiki kadhaa kabla ya kunywewa. Kwa hiyo ilipofika Jumamosi hakuwa na cha kuwapa.

Alikaa bandani tangu baada ya chakula, mvua inapiga bati, masikio yako kwenye geti. Alijua Frances atakuwa amewaambia. Watakuwa na udhuru mzuri, wenyeji wa bonde lile hawakosi udhuru: tezi, mjukuu, mvua. Aliwaza hata ataujibuje ujumbe wa simu. Angeandika tu "sawa", ili wasijue.

Geti lililia. Aliingia Trevor, amelowa, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Nyuma yake Graham na Frances chini ya mwavuli mmoja.

"Leo hakuna bia," alisema Clive, amesimama. Alikuwa ameyapanga maneno, lakini yalitoka ovyo. "Ile imeharibika. Nimeambiwa ina muda."

Trevor alikitazama kiatu chake. "Mimi sikuona kitu."

"Labda kidogo," alisema Graham. "Mwishoni mwishoni."

"Nyamazeni nyie," alisema Frances.

Clive aliwamiminia chai kutoka kwenye birika kubwa la Maureen, ambalo hakuwa amelitumia hata siku moja. Hakujua majani yawekwe kiasi gani, akaweka mengi, kisha akaogopa akaongeza maji, kisha maziwa. Trevor alisimulia kwamba ile mashine ya nyasi aliishia kuinunua, kwa aibu tu, na sasa ipo ukumbini haitoki mlangoni. Graham aliapa kwamba hakulala garini, alifumba macho kuzuia jua, na Frances akamkumbusha kuwa jua halikuwepo. Mvua iliongezeka. Clive alikuwa akiwachunguza mmoja mmoja, anangoja wa kwanza atakayeangalia saa.

Graham alinyanyua kikombe, akanywa, macho yakamtoka kama kwenye bia. Kisha akakirudisha mezani.

"Clive," alisema, "hii chai ni mbaya."

"Mbaya sana," alisema Trevor. "Umeichuja kwa soksi?"

"Na ya mguu mgonjwa," alisema Frances.

Clive aliwatazama. Hakuna aliyekuwa amegusa koti lake. Trevor alikuwa amenyoosha miguu mpaka katikati ya banda, kama kwake, anasogeza kikombe kando kwa kidole. Clive akahisi kitu kifuani kikilegea ambacho alikuwa amekibana tangu mazishi, akaketi katikati yao, akawaambia kama hawaitaki wainuke wakapike wenyewe, na mpaka giza linaingia hakuna aliyeinuka.